Kifaa cha Kumfanya Mama Asikike

Shwaa. Hiyo ndiyo sauti ya mama yangu katika video ya kikao cha kwanza cha ukoo, kile kilichofanyika baada ya kuondoa matanga ya baba. Picha yenyewe haina kasoro, maana picha ndiyo kazi inayonilisha. Mama amepiga magoti kwenye mkeka, kitenge cha zambarau, mikono juu ya mapaja, uso ameuinamisha, na midomo yake inatembea. Anasema kitu. Ukitega sikio unasikia shwaa, kama manyunyu juu ya majani ya mgomba, halafu ghafla anaingia baba mdogo Byarugaba kwa sauti inayotikisa spika: "Haya, shemeji amekubali, tunamshukuru sana!" Kisha makofi ya wanaume.

Baba alituacha wasichana wawili, mimi Mackrine na mdogo wangu Evangelina, ambaye ni muuguzi katika hospitali ya Nyakahanga. Mtoto wa kiume hakuacha, na kwa watu wetu wa Isingiro hilo ni sawa na kuacha mlango wazi. Byarugaba, mdogo wake baba, akaingia. Katika kikao hicho alipendekeza sehemu ya chini ya kibanja, shamba letu la nyumbani, ile yenye mibuni ya zamani inayoteremka mpaka kijitoni, aitunze yeye "kwa niaba ya ukoo". Wageni walipoondoka mama aliniambia kwamba alikataa. Nilimwamini, ila mimi mwenyewe nilikuwa nyuma ya kamera, mbali, na sikuwa nimesikia kitu. Tulipolalamika, Byarugaba hakugombana na mtu. Alisema tu tuitazame video. Wazee wakakaa sebuleni kwake mbele ya runinga, na ilipofika zamu ya mama ikatoka shwaa. "Nani amesikia neno sikubali hapo?" akauliza. Hakuna aliyesikia. Msimu uliofuata kahawa ya sehemu ya chini ilianikwa uani kwake, nasi tukawa tunapita njiani tunaiona.

Kanuni ya video aliitunga yeye. Alisema karatasi hughushiwa na watu husahau, lakini kamera haina ukoo, haimpendelei mtu. Kwa hiyo kila kikao kirekodiwe, picha na sauti zikae pamoja, pasikatwe kitu, na likizuka bishano kila mtu aitazame. Wazee walimsifu kwa akili. Kazi ya kurekodi nikapewa mimi, bure bila shaka, kwa kuwa mimi ni mtoto wa ukoo inapofika wakati wa kufanya kazi. Kamera isimame nyuma ya viti vya wanaume, ione kikao chote. Asifungwe mtu yeyote waya wa maiki kifuani, maana mzee Rogasian, mwenyekiti wetu, alisema yeye si redio.

Mtu wa mbali ataniuliza kwa nini mama hakupaza sauti. Mtu wa kwetu hataniuliza. Mwanamke akizungumza mbele ya wakwe zake hupiga magoti, hutazama chini, na hushusha sauti mpaka inabaki pumzi yenye maneno ndani. Ndivyo mama alivyofundishwa na ndivyo alivyojaribu kunifundisha mimi, akashindwa. Katika harusi zote nilizopiga Karagwe na Kyerwa hakuna bibi harusi aliyewahi kusikika akiwaaga wazazi wake, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Sisi watu wa video tunaweka wimbo juu. Bibi harusi anafungua mdomo, wimbo unaimba, shangazi wanalia, kazi imekwisha. Hata mimi sikuwahi kujiuliza wanasema nini.

Basi mwaka huu, mavuno ya kahawa yalipokwisha, Byarugaba akatangaza kikao cha pili. Sasa alitaka sehemu ya juu, kuanzia kaburi la baba mpaka barabarani. Kuna mtu alitaka kujenga hapo, naye baba mdogo alikuwa ameshamtembeza na kumwonyesha mipaka kabla hata ya kutuarifu. Angebaki nini mama? Nyumba, jiko, na migomba ya nyuma isiyotosha kulisha hata mbuzi. Damu ilinichemka. Nikajiambia safari hii hakuna shwaa. Safari hii watamsikia, hata nikilazimika kuuza nywele zangu.

Nikaenda kwa Jovitus. Ana duka karibu na stendi ya Kayanga, anauza simu, spika, taa za kamera na vitu ambavyo yeye mwenyewe hajui ni vya nini. Nilimweleza shida. Kamera yangu ni ndogo, na kamera ndogo zina macho mazuri na masikio mabovu. Mtu akiongea kwa sauti ya chini, kamera inajaribu kuikuza, na inapoikuza inakuza pia kelele za matumbo yake yenyewe. Hiyo ndiyo shwaa. Nilihitaji kile kikasha kinachofungwa chini ya kamera, maiki inaingia kwake kwanza, yeye anaikuza sauti ikiwa safi, ndipo anaikabidhi kwa kamera. Mtandaoni wanakiita priampu. Jovitus anakiita busta.

"Busta zipo, dada Mackrine," alisema, akapanda ngazi. "Lakini kwa nini ujitese? Weka simu pembeni yake irekodi sauti, halafu nyumbani unaunganisha na picha. Kila mtu anafanya hivyo."

"Kila mtu hana baba mdogo kama wangu. Nikiunganisha atasema nimempachika mama maneno mdomoni. Picha na sauti lazima zitoke pamoja ndani ya kamera moja."

"Huyo baba mdogo anafaa kuwa wakili."

"Anafaa kuwa mahali pengine kabisa, ila sisemi."

Alishusha vikasha viwili. Cha kwanza kilikuwa kipana, cheusi, chenye taa za buluu zinazopanda na kushuka mtu akiongea, na vitufe vingi vya kung'aa. Cha pili kilikuwa cha bati la kijivu, kimechubuka pembe, kimetumika na mtu mwingine kabla. Hakikuwa na taa hata moja ila nukta nyekundu ya betri. Kilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha na tundu la skrubu la kukifunga chini ya kamera.

Jovitus hakufikiria mara mbili. Alichomeka maiki kwenye kile cha taa, akaiweka mdomoni, akapiga ukelele kama wanavyofanya mafundi wote wa muziki kutoka hapa mpaka Mutukula: "Halo! Halo! Moja mbili! Moja mbili testi!" Taa zikarukaruka. Waendesha bodaboda wakageuka. Akafanya hivyohivyo na kile cha kijivu, nacho kikatoa sauti ileile bila mbwembwe.

"Umeona?" aliniambia. "Vyote vinasikika, lakini hiki kina taa. Wateja wakiona taa wanajua wewe ni mtaalamu."

"Mama yangu hasemi moja mbili testi."

"Anasemaje?"

Nilimwonyesha. Niliinamisha kichwa, nikaongea kama mama. Jovitus akasogea. Akasogea tena. Kisha akasema hajasikia kitu, nirudie.

Nilimwomba vyote viwili nikavijaribu nyumbani. Alikataa, akacheka, akakataa tena, mwishowe akakubali kwa sharti kwamba nimwachie taa zangu mbili za harusi kama rehani. Taa zile ndizo zilizoniletea wateja wote wa kumbini. Nilizipeleka siku hiyohiyo, nikamwona anazipangusa kwa upendo mkubwa.

Jumapili nilipanda bodaboda mpaka Isingiro nikiwa na begi mgongoni. Mama yangu, Eustadia, alikuwa ametoka kanisani, ameshavua viatu, amekaa kwenye kibao nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama nikifunga stendi, kamera, kikasha, waya, akatikisa kichwa.

"Unanipiga picha nikiwa na utomvu mikononi?"

"Sipigi picha. Napima sauti. Mama, ongea kama unavyoongea kikaoni. Vilevile, usipandishe."

"Niseme nini?"

"Chochote. Niambie ulivyokuja hapa."

Nilianza na kile cha taa. Niliweka kamera umbali uleule wanaoniweka kikaoni, nikavaa hedifoni. Mama akaanza kusema, na taa za buluu hazikutikisika hata kidogo. Kwa kikasha kile mama hakuwepo duniani. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Hapo akaja, mbali, na shwaa ikaja pamoja naye, nene kuliko ya kamera yenyewe. Kikasha cha taa kilikuwa kimetengenezwa kwa watu wanaopiga kelele. Nilikichomoa nikakitupa kwenye begi bila kukizima.

Kisha nikafunga kile cha kijivu. Nikaizima ile tabia ya kamera ya kujipandishia sauti yenyewe, nikaishusha kamera mpaka chini kabisa ili isichangie chochote, nikamwachia kikasha kazi yote. Nikazungusha kitufe taratibu.

Kwanza nilisikia kisu cha jikoni kikikata kichwa cha ndizi. Kisha ganda likianguka. Kisha mama akavuta pumzi, nikaisikia ikiingia, na akasema, pale ndani ya kichwa changu: "Nilikuja hapa nikiwa msichana, hapa palikuwa nyasi tupu. Baba yako alikuwa na jembe moja. Akilima mimi nakaa, nikilima yeye anakaa. Migomba ya kwanza nilibeba machipukizi kutoka kwa mama yangu, kichwani, njia nzima. Watu walinicheka, walisema bibi harusi anahama na shamba."

Hakuna shwaa. Hakuna kitu chochote kati yangu na mama. Sijawahi kumsikia vile maishani, wala si kwa sababu nilikuwa mbali naye. Nilikuwa nimezoea kushika nusu ya anachosema na kukisia nusu. Nililia, na sikuona haya kulia.

"Kimeharibika?" mama aliuliza.

Nikamvalisha hedifoni, nikamchezea. Alifunika mdomo kwa kiganja chenye utomvu, akacheka mabega yakitikisika. Kisha akaacha kucheka, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo wewe, mama. Kikaoni utasema hivyohivyo. Usibadilishe kitu, usivunje heshima ya mtu. Kifaa ndicho kitakachopaza. Safari hii watakusikia."

Alinirudishia hedifoni, akaokota kisu chake.

"Haya, mwanangu. Kichukue, kama kitakupa amani."

Nilidhani anazungumza kama wazee wanavyozungumza juu ya mambo ya umeme. Nilirudi Kayanga nikamwambia Jovitus nachukua cha kijivu, naye abaki na taa zangu. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyekula sumu.

"Harusi utapiga na nini?"

"Nitapiga za mchana."

"Dada Mackrine, umebadilisha taa mbili kwa kikopo cha bati."

"Kaa nazo. Zitakupendeza."

Siku ya kikao nilifika mapema nikafunga kila kitu. Betri mpya, nyingine mfukoni, maiki nimeivisha sponji kwa sababu ya upepo wa kilimani. Nilibeba pia spika yangu, ile ninayoitumia kanisani, nikaificha chini ya kanga, kwani nilikuwa nimeshapanga. Viti vya plastiki vikapangwa, wanaume wakakaa. Kibakuli cha kahawa ya kutafuna kikapita, kwa mzee Rogasian kwanza, kwa Byarugaba pili, kisha kwa wengine, na omuramba, kinywaji chetu cha ndizi, ukamiminwa. Mama na wake wa ukoo wakakaa kwenye mikeka, mbele ya viti. Mimi na kamera yangu nyuma ya wote, kwenye kona yetu.

Byarugaba aliongea kwanza, kirefu, kwa Kinyambo kitamu. Nitakisema kwa Kiswahili, ingawa utamu haubaki. Alisema ardhi ni ya ukoo, haiolewi. Alisema yeye hataki kitu, anabeba mzigo tu wa marehemu kaka yake. Alisema mtu atakayejenga pale barabarani ataleta maendeleo, na mama naye ataonja maendeleo hayo. Wanaume wakaitikia. Kisha mzee Rogasian akasema: "Mama Mackrine, umesikia. Una neno?"

Mama akasogea mbele ya mkeka, akapiga magoti, akainama. Nikazungusha kitufe. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka niliogopa maiki itaunasa. Na akaja, safi kama siku ile ya ndizi.

"Nina neno, waitu, wakubwa wangu. Sehemu ya chini mlichukua, nikanyamaza. Hii ya juu sikubali. Mume wangu amelala hapo, na mimi nitalala hapo. Migomba hii ni mikono yangu. Sikubali, waitu. Nisameheni."

Akarudi nyuma. Mzee Rogasian akakohoa. Byarugaba akafuta midomo, akasema maneno yaleyale, hata hakujisumbua kutafuta mengine: "Haya, shemeji amekubali, tunamshukuru sana!"

Makofi yalikuwa hayajaisha nilipotoka nyuma ya kamera.

"Shikamooni wazee wangu. Naomba radhi. Kanuni ya ukoo inasema likizuka bishano tuitazame video. Bishano limezuka. Mimi nabishana. Naomba tuitazame sasa hivi, hapahapa, kabla kamera haijatoka machoni penu."

Palitokea minong'ono. Byarugaba aliinua mkono, akatabasamu. "Mwacheni. Kanuni ni kanuni."

Nikavuta kanga, nikaunganisha spika, nikarudisha nyuma, nikabonyeza. Sauti ya mama ikajaa ua mzima. Ilipanda juu ya migomba, na nina hakika ilivuka barabara. *Hii ya juu sikubali. Mume wangu amelala hapo, na mimi nitalala hapo.* Wanawake kwenye mikeka waliinua vichwa. Mama alifunika uso kwa kanga. Ilipokwisha nikaizima, nikasimama, nikangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini hasa. Nadhani nilikuwa nangoja waone haya.

Mzee Rogasian ndiye aliyesema kwanza. "Hicho kifaa ni kizuri," alisema.

"Kizuri sana," akaunga mkono mwingine. "Hata kuku amesikika."

Byarugaba alicheka, na hakikuwa kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Mackrine, mwanangu, umehangaika bure. Nani alikuambia hatukumsikia? Mimi nimekaa hapa, yeye alikuwa pale, wewe na mitambo yako mko kule nyuma. Masikio yangu hayajafa."

"Sasa mbona umesema amekubali?"

"Kwa sababu amekubali. Mwanamke wa heshima akisema hapana kwa heshima, ameliweka neno mikononi mwa wazee. Angekuwa anakataa kweli, angesimama akapiga kelele."

"Na angesimama akapiga kelele?"

Hapo walitazamana, wakaona ni swali la kitoto. Mzee Rogasian alinijibu kwa upole, kama anayenifundisha kufunga kamba ya kiatu. "Angepiga kelele tungejua msiba umemvuruga. Neno la mtu aliyevurugika hatulishiki."

Wanaume wakatikisa vichwa, ndiyo, ndivyo. Sikuona ubaya wowote katika nyuso zao, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Baba mdogo," nilisema, "mwaka ule uliuliza nani amesikia neno sikubali. Wote mkasema hamkusikia."

"Niliuliza nani amelisikia kwenye video," alijibu. "Kwenye video halikuwemo. Leo limo. Safi. Video imeonyesha nani kasema nini, kazi yake imekwisha. Kuamua ni kazi yetu." Akageukia kibakuli akachukua kahawa nyingine. "Na hicho kifaa usikiuze. Binti yangu Tusiime anaolewa baada ya Pasaka. Nataka hotuba yangu isikike hivyohivyo."

Baadhi yao walicheka, bila ukali, kama watu wanavyocheka mwisho wa shughuli. Mama akainuka kwenye mkeka. Nilidhani labda sasa, labda mbele ya aibu hii atasimama wima aseme. Alichukua jagi akaenda kuwaongezea omuramba, akaanzia kwa mzee Rogasian.

Jioni, walipokwisha kuondoka na mimi nakunja nyaya, alikuja akakaa karibu yangu. Nilimwambia tutaenda baraza la ardhi, sheria ya nchi iko upande wake, Evangelina atakuja, tutapata mwanasheria, tuna video. Nilikuwa naongea haraka. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza tangu nikiwa mdogo, bila kunikatiza.

"Nitaenda kuwashitaki, nitashinda," alisema. "Halafu nitarudi kuishi wapi? Hapa hapa, katikati yao. Nikiugua wataninyima machela. Nikifa, nani atachimba?"

"Mama, ulijua kwamba wanakusikia?"

"Nimekaa nao miaka mingi, Mackrine."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Nimeacha taa zangu. Nimezunguka na vikasha kama kichaa. Kwa nini uliniacha nihangaike?"

Alininyooshea sehemu ya waya niliyokuwa nimeisahau kwenye nyasi. "Ulikuwa na furaha na kifaa chako," alisema. "Ulinisikia wewe. Ningekuambia nini?"

Nilimchukia Byarugaba, nikawachukia wazee, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nikamchukia na mama pia kwa magoti yake na jagi lake. Kisha akaniletea ndizi zilizochomwa, tukala pamoja.

Asubuhi nilirudi Kayanga. Jovitus alinikuta nafungua mlango wa banda langu la kazi, akauliza kama busta imefanya kazi.

"Imefanya kazi vizuri sana," nilisema.

"Si nilikuambia? Ila kingekuwa na taa!"

Alipoondoka niliwasha kompyuta. Sijui kwa nini niliifungua video ya kikao cha kwanza, ile ya shwaa, maana niliijua yote kwa moyo. Nimeirudia mara nyingi nikiwa na hedifoni, macho nimeyafumba, nikijaribu kuchota neno moja ndani ya ile kelele. Lakini hedifoni zilikuwa bado kwenye begi na nje bodaboda zilikuwa zinanguruma, kwa hiyo niliitazama hivyohivyo, bila sauti. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mama anasogea mbele ya mkeka, anapiga magoti, midomo inaanza kutembea. Mbele ya kamera yangu kuna migongo ya wanaume na visogo vyao. Visogo vyote vinageuka upande wa mama kwa pamoja. Mzee Rogasian anainama mbele, mkono nyuma ya sikio. Na pembeni, ambapo picha yangu nzuri inamwonyesha vizuri kabisa, yupo Byarugaba anatafuna kahawa. Mama alipoanza kusema, taya lake lilisimama. Lilisimama muda wote aliokuwa anasema, macho yake hayakumwacha mama hata mara moja. Alimsikiliza neno kwa neno, na mama alipofunga mdomo, akaendelea kutafuna.